Injini ya V8 ya Zamani: Uifumue au Uiache?

Barua nyingi za safari hii zinahusu magari ya Kimarekani ya miaka ya 60 na 70, yale yanayoitwa magari ya misuli, na karibu zote zina swali moja: injini inatoa moshi au mlio, fundi ameshashika spana, je, ishushwe? Jibu letu linaanza palepale kwa kila mtu: pima kwanza. Injini ikishafumuliwa, dalili zilizokuwa zikionyesha tatizo liko wapi hazipo tena, na utalipia hata vile vilivyokuwa vizima.

SWALI: Ndugu mafundi, salamu kutoka Columbus, Ohio. Nimenunua Chevrolet Chevelle ya 1970, injini 350 (ujazo wa inchi 350) yenye kabureta ya midomo miwili. Geji ya maili inasoma 86,000. Asubuhi ikiwashwa inatoa moshi wa bluu kwa sekunde chache, kisha unakata. Ikishapata moto, presha ya oili ni psi 12 (paundi kwa inchi mraba) ikiunguruma bila kukanyagwa, na 42 kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Inatetemeka na nguvu imepungua. Nimepima kompresheni (presha ya hewa inayobanwa na pistoni) kuanzia silinda ya 1 mpaka ya 8: 150, 145, 148, 110, 152, 108, 150, 146. Nikatia kijiko cha oili ndani ya ya 4 na ya 6, namba hazikubadilika. Fundi anasema injini imekwisha, nifanye ovahoo, yaani ifumuliwe na kuundwa upya. Nimsikilize?

JIBU: Bado. Katika namba zako nane, sita ni nzuri na zimekaribiana. Mbili ndizo zilizoanguka, na hizo mbili ni majirani. Kwenye 350, silinda witiri (1, 3, 5, 7) ziko upande wa dereva, na shufwa (2, 4, 6, 8) upande wa abiria. Ya 4 na ya 6 ndizo za katikati, zinagusana ukuta.

Kanuni tunayoifuata ni kwamba silinda ya chini kabisa isiwe chini ya asilimia 75 ya ile ya juu kabisa. Ya juu kwako ni 152, kwa hiyo mpaka ni 114, na hizo mbili zimeshindwa. Ingekuwa ringi, zile pete za pistoni, zimechoka, kijiko chako cha oili kingeziba nafasi kwa muda na namba zingepanda. Hazikupanda. Valvu iliyoungua nayo huangusha silinda yake peke yake. Silinda mbili zinazopakana zikianguka pamoja kwa kiasi kimoja, mtuhumiwa wa kwanza ni gasketi ya hedi (hedi ni kile kichwa kinachofunika silinda kwa juu), ule ukanda mwembamba unaopita kati yao. Na kuna sababu inakufa hapo: kwenye hedi hizi valvu za ekzosi za 4 na 6 zimepangwa ubavu kwa ubavu (upande wa pili ni za 3 na 5), hivyo joto lote hukusanyika katikati.

Uthibitishe hivi. Toa plagi zote. Lete pistoni ya 4 juu kabisa katika mpigo wa kompresheni, valvu zake zote zikiwa zimefunga, zuia krenki (mhimili mkuu wa injini) isizunguke, kisha ingiza upepo wa psi 100 kwa kipimo cha uvujaji, kile chenye geji mbili. Weka kidole kwenye tundu la plagi ya 6. Ukihisi upepo, umeshapata jibu. Ukiusikia kwenye kabureta, inavuja valvu ya kuingizia. Kwenye bomba la ekzosi, valvu ya kutolea. Kwenye tundu la kujazia oili, ringi. Mapovu yakitoka kwenye rejeta, ni gasketi au ufa. Zipime zote nane. Uvujaji chini ya asilimia 10 ni mzuri sana. Ukipita 20 pana kazi.

Presha ya oili isikutie hofu. Tunahesabu psi 10 kwa kila mizunguko 1,000, na wewe una 42 kwenye 2,500. Hata 12 ikiunguruma na moto ni sawa kwa injini ya umri huu, ilimradi umepima kwa geji ya bomba, hukutegemea taa ya dashibodi.

Moshi wa asubuhi ni oili iliyoteremka usiku kupitia mashina ya valvu. Injini hii inazuia oili hiyo kwa vipete vidogo vya mpira vilivyokaa chini ya kofia za springi. Vikizeeka vinakuwa vigumu, vinakatika, na wakati mwingine utaviokota vipandevipande kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Moshi wa ringi ni mwingine: unatoka ukiwa unakanyaga, gari likivuta mzigo, na haukati. Ule unaotoka ukiteremka mlima mguu juu, kisha ukikanyaga, mara nyingi ni gaidi za valvu, ile mirija inayoshika mashina ya valvu.

Basi kazi yako ya sasa ni kutoa hedi zote mbili. Ndiyo, hata ile ya upande wa dereva, kwa sababu gasketi ya upande huo ina umri uleule, na vipete vya mpira unavibadilisha pande zote kwa safari moja. Weka rula nyoofu ya chuma juu ya uso wa hedi na uingize filageji (bapa nyembamba za kupimia mwanya): ikipita 0.003 ya inchi ndani ya urefu wa inchi 6, hedi ikasawazishwe kwenye mashine. Kila hedi ina bolti 17, na nyingi zinaingia mpaka kwenye njia ya maji. Nyuzi zake lazima zipakwe dawa ya kuzibia. Fundi akisahau, maji yatapanda polepole kando ya bolti na utaambiwa gasketi mpya ni mbovu. Kaza kwa hatua tatu kuanzia katikati kwenda nje, mpaka paundi-futi 65.

Hedi zikiwa mezani, ndipo unaamua kuhusu ovahoo. Pitisha ukucha ndani ya silinda, karibu na ukingo wa juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia. Ukucha ukikwama kwenye kidaraja, ukuta umelika. Usiishie kwenye ukucha, tafuta geji ya silinda. Kipenyo cha kiwandani ni inchi 4.000. Pima juu, katikati na chini, kwa pande mbili zinazokatana. Tofauti ya juu na chini ikizidi 0.005 ya inchi, hizo silinda zinahitaji kuboliwa, yaani kupanuliwa kwa mashine. Ikiwa chini ya hapo na kuta hazina mikwaruzo, funga hedi uendeshe gari lako.

Kitu tunachokuomba usikubali ni ringi mpya ndani ya silinda iliyolika. Ringi mpya itagonga kile kidaraja na kuvunjika, au haitakaa sawasawa kwenye ukuta ulioinama, na baada ya miezi michache oili itaanza kupungua tena. Ama silinda ziko ndani ya kipimo na zinaachwa, ama ziboliwe na kupewa pistoni mpya.

Kuhusu zile maili 86,000: geji ya Chevelle hiyo ina tarakimu tano za maili, ikifika 99,999 inarudi sifuri. Inaweza kuwa 186,000. Ndiyo maana hatuulizi maili, tunauliza vipimo.

Kabla ya kufunga, angalia cheni ya taimingi. Toa kofia ya distributa, zungusha krenki kwa spana upande mmoja, kisha irudishe taratibu huku mwenzio akiitazama rota. Krenki ikirudi zaidi ya digrii 5 kabla rota haijacheza, cheni imelegea. Viwanda vya wakati ule vilivika gia ya kamshafti (mhimili unaofungua valvu) meno ya nailoni ili isipige kelele, na nailoni ya miaka hamsini inapasuka. Vipande vinaangukia kwenye sampo na kuziba wavu wa pampu ya oili, na hapo ndipo injini nzima inakufa kwa kukosa oili. Nunua seti yenye gia za chuma tupu.

SWALI: Assalaam alaykum. Niko Minneapolis, nina Camaro ya 1969, nayo ni 350. Ilianza kugonga kwa chini, mlio mzito unaoongezeka nikikanyaga. Nikichomoa waya wa plagi ya silinda ya 3 mlio unapungua. Presha ya oili imeshuka mpaka psi 5. Nilikata filta nikakuta chembe za chuma zinazong'aa. Niifanyie kazi injini hii au ninunue mpya ya kiwandani?

JIBU: Waalaykumu salaam. Kwanza, usiiwashe tena hata kwa kuisogeza gereji. Mlio unaopungua ukiikatia silinda moto ni beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki), na chembe zile ni beringi yenyewe inavyokwisha. Kila dakika inayozunguka, inakula shingo ya krenki, na krenki ambayo leo ingechongwa 0.010 ya inchi kesho itatupwa. Hapa hatuna shaka, injini inashuka. Swali ni ile ya kurudi itakuwa ipi.

Jibu liko kwenye namba zilizogongwa juu ya bloku. Nyuma ya bloku, upande wa dereva karibu na gia boksi, kuna namba ya kalibu ambamo bloku ilimiminwa. Ukikuta 3970010 usishangilie mapema, kwa kuwa bloku hiyo ilitumika kwenye 350 nyingi tangu 1969 mpaka 1980, malori yakiwemo. Nyuma upande wa abiria kuna tarehe ya kumiminwa: herufi ya mwezi (A ni Januari), siku, na tarakimu moja ya mwaka. C 12 9 ni Machi 12 ya 1969, au ya 1979. Kinachokata shauri ni kile kibao cha chuma kilicholainishwa mbele ya hedi ya upande wa abiria, nyuma ya pampu ya maji. Kisafishe kwa brashi laini na kiyeyushi, bila msasa. Hapo pana herufi za aina ya injini, na pia namba za mwisho za chasi. Kwenye baadhi ya magari ya 1969 namba za chasi ziligongwa chini, juu ya mahali pa filta ya oili.

Zikilingana na chasi yako, tunakushauri uiunde bloku hiyohiyo hata kama itakugharimu zaidi ya injini mpya. Camaro ya 1969 yenye injini iliyotoka nayo kiwandani ina thamani ambayo hakuna injini mpya ya kununuliwa ndani ya sanduku itakayokurudishia. Na mwambie mchongaji kwa maandishi: asisawazishe uso wa juu wa bloku. Kibao cha namba kiko kwenye uso huohuo, na mashine ikipita mara moja tu namba zinafutika. Kama uso umepinda hauna budi kusawazishwa, mtafute anayejua kuisimamisha mashine kabla ya kufika kwenye kibao, na upige picha kwanza.

Zisipolingana, hiyo ni bloku kama bloku nyingine, na hesabu inakuwa ya pesa tu. Muombe mchongaji bei ya kila kazi kwa mstari wake: kuosha kwa moto, kutafuta nyufa kwa unga wa sumaku, kuboa na kuhoni, kuchonga krenki, kurekebisha konrodi na kuzipa bolti mpya, beringi za kamshafti, hedi. Jumlisha na vipuri. Jumla ikizidi injini mpya yenye waranti, nunua mpya. Angalia tu sili ya nyuma ya krenki: mpaka 1985 ilikuwa ya vipande viwili, kuanzia 1986 ni kipande kimoja, na flaiwili ya moja haiendi kwenye nyingine kwa sababu mizania yake ni tofauti. Ukizichanganya, gari litatetemeka mpaka ufumue tena.

Ukiamua kuiunda, fuata utaratibu huu wa kununua, maana ndipo watu wengi wanapopoteza pesa. Usinunue pistoni wala beringi kabla bloku na krenki havijapimwa. Mchongaji akisema 0.030 ya inchi ndiyo itakayosafisha silinda zote nane, ndipo unaagiza pistoni za 4.030, na injini inakuwa ya inchi 355 za ujazo. Unampelekea pistoni zenyewe, kwa sababu anaboa kwa kufuata pistoni iliyoko mkononi. Bloku nyingi za 350 zinakubali mpaka 0.060, lakini kufika huko pima kwanza unene wa kuta kwa kipimo cha mawimbi ya sauti. Ukuta mwembamba huchemsha maji.

Nafasi za beringi, za krenki na za konrodi, zilenge 0.002 mpaka 0.0025 ya inchi. Weka uzi wa Plastigage (uzi laini wa plastiki unaobanwa ukawa bapa) juu ya shingo, kaza kofia kwa torki kamili bila kuzungusha krenki, fungua, usome upana. Kofia za krenki ni paundi-futi 70. Za konrodi zenye bolti ya 3/8 ni 45. Mwanya wa ringi ya juu ni 0.004 kwa kila inchi ya kipenyo, yaani kama 0.016 kwako. Ingiza ringi moja moja ndani ya silinda yake, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, kisha pima. Ikibana, ipige tupa upande mmoja. Ringi iliyobana sana ikipata moto ncha zinakutana na inachana silinda.

Chini ya kofia ya nyuma ya krenki kuna kizibo kidogo kinachoilazimisha oili ipite kwenye filta. Karakana hukitoa wakati wa kuosha na mara kwa mara hakirudi. Kisipokuwepo, presha inasoma vizuri huku injini inakunywa oili isiyochujwa. Kitafute kwa macho yako kabla hujafunga kofia.

Halafu kuiwasha mara ya kwanza. Kamshafti ya enzi hii inasuguana na tapeti bapa, vile vipande vinavyosukumwa na nundu zake, na ikiharibika inaharibika ndani ya dakika 20 za mwanzo. Paka grisi ya molibdeni kwenye kila nundu. Zungusha pampu ya oili kwa drili kupitia tundu la distributa, kwa mwelekeo wa saa, mpaka oili itoke juu kwenye roka zote 16. Hakikisha kabureta ina petroli na taimingi iko karibu, injini ishike mara moja. Ikishika tu, ipeleke mizunguko 2,000 mpaka 2,500 na uibakize hapo dakika 20 hadi 30, ukiipandisha na kuishusha kidogo. Usiiache iungurume taratibu, kwa sababu tapeti hupata oili ya kurushwa na krenki, na krenki ikienda polepole hairushi ya kutosha. Tumia oili ya kuanzia yenye zinki na fosforasi nyingi. Oili nyepesi za magari ya sasa, kama 5W-30 ya dukani, zimewekewa kikomo cha fosforasi cha karibu sehemu 800 kwa milioni, na tapeti bapa inataka 1,000 na zaidi.

SWALI: Wazee wa gereji, naandika kutoka Toronto. Je, ni lazima nifumue hedi za Dodge Charger yangu ya 1968 kwa sababu petroli ya leo haina risasi?

JIBU: Hapana, si kwa sababu hiyo peke yake. Risasi ilikuwa kilainishi cha viti vya valvu za ekzosi, pale valvu inapokaa ikifunga, na bila yake kiti laini cha chuma kinalika na valvu inazama. Lakini inatokea hasa gari likikimbizwa muda mrefu na mzigo. Gari la kutoka Jumapili linaweza kwenda miaka. Kama hedi zitatoka kwa sababu nyingine, hapo ndipo mwambie mchongaji atie viti vigumu upande wa ekzosi. Fanya haraka zaidi kubadilisha mabomba ya mpira ya petroli na kiwambo cha pampu, maana ethanoli iliyomo kwenye petroli ya leo inaila mpira wa zamani, na petroli inayovuja juu ya ekzosi ya moto huchoma gari zima.

SWALI: Mafundi, shikamooni. Niko Muscat. Marehemu baba alituachia Pontiac Firebird ya 1967 yenye injini 400. Inachemsha kwenye foleni, na siku za joto kali geji inapanda taratibu hata barabara kuu. Haina moshi, haipunguzi oili, kompresheni zote ni kati ya 155 na 165. Gereji mbili zimeniambia injini imechoka, iundwe upya. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, dada yetu. Si kweli, na vipimo vyako vya kompresheni ndivyo shahidi. Usiruhusu injini hiyo ifunguliwe.

Anza kwa kuhakikisha moto wa silinda hauingii kwenye maji. Kuna kipimo cha maji ya bluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta. Kikigeuka manjano, gasketi inavuja. Kikibaki bluu, tafuta shida kwenye upoozaji wenyewe.

Kuchemka kwenye foleni ni upungufu wa upepo. Kava la feni linalofunika mgongo wa rejeta liwepo na lisiwe na pengo. Klachi ya feni ikiwa na moto ishike. Zima injini, uisukume feni kwa mkono, na ikizunguka yenyewe mizunguko kadhaa, imekufa. Mfuniko wa rejeta uwe wa psi 15 na mpira wake uwe mzima. Mchanganyiko wa nusu maji nusu kulanti unachemka karibu nyuzi 129 ukiwa na presha hiyo, lakini bila presha ni kama 107, na kwa majira ya joto ya Muscat tofauti hiyo ni kubwa.

Kupanda barabara kuu ni upungufu wa maji yanayopita. Hapa Pontiac ina jambo lake, na gereji zilizozoea Chevrolet hazilijui. Nyuma ya pampu ya maji kuna sahani ya chuma chembamba inayotenganisha maji yaendayo na yarudiyo. Ikipinda au kuliwa na kutu ikawa mbali na pangaboi la pampu, pampu inazungusha maji palepale. Toa pampu, weka sahani mahali pake, pima nafasi kati yake na pangaboi. Tunaikunja taratibu kwa nyundo ya mpira mpaka iwe karibu sana bila kugusa, kama 0.060 ya inchi au chini kidogo. Sahani iliyotoboka ibadilishwe.

Pampu ikiwa nje, fungua vizibo vya kutolea maji vilivyo chini ya bloku, kimoja kila upande. Mara nyingi kizibo kinatoka na hakuna tone linalotoka. Chokoa kwa waya mgumu: utapita kwenye matope ya kutu ya rangi ya kahawia, mazito, kisha maji yataruka ghafla. Matope hayo yamejaa kuzunguka sehemu ya chini ya silinda, na hakuna rejeta mpya itakayosaidia yakiwa humo. Endelea kuchokoa na kusukuma maji ya bomba kutoka juu mpaka yatoke meupe pande zote mbili.

Mwisho ni taimingi, kwa sababu moto unaochelewa huishia kwenye ekzosi na kwenye maji. Nyonya hewa kwenye kibakuli cha vakyumu cha distributa kwa pampu ya mkono: sahani ya ndani icheze na ibaki ilipo. Ikirudi, kiwambo kimepasuka. Kabla ya kuamini alama iliyo kwenye balansa ya mbele (gurudumu zito lililo mbele ya krenki), kumbuka kwamba pete yake ya nje imeshikwa na mpira, na mpira wa 1967 huachia na pete ikateleza. Ingiza kizuizi cha pistoni kwenye tundu la plagi ya 1, zungusha krenki kwa mkono mpaka igote upande mmoja, weka alama, kisha upande wa pili, weka alama. Katikati ya alama hizo mbili ndiyo sifuri ya kweli. Weka taimingi kwa kufuata hiyo, ujaze maji, uiwashe mfuniko ukiwa wazi mpaka themostati ifunguke na mapovu yaishe, ndipo ufunge.